Gigabiti kwa sekunde: kipimo halisi cha kebo ya skrini

Weka kebo mbili za HDMI mezani, huenda usione tofauti yoyote. Plagi ni zile zile, pini ni 19, na zote zinaingia kwenye tundu moja. Lakini moja yaweza kupitisha biti (zile 0 na 1 za data) bilioni 10 kwa sekunde, na nyingine bilioni 48. Kiasi hicho hupimwa kwa gigabiti (biti bilioni moja) kwa sekunde, kwa kifupi Gbps, na ndicho kinachoamua skrini yako itaonyesha picha ya ukubwa gani na kwa kasi gani. Umbo la plagi halikuambii lolote kuhusu hilo.

Ili namba hizi zieleweke, lazima tupige hesabu kidogo. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, yaani pikseli 8,294,400. Kila pikseli ina nyekundu, kijani na bluu, na kwa kawaida kila rangi huandikwa kwa biti 8, jumla biti 24. Picha moja tu tayari ni biti kama milioni 199. Ichore upya mara 60 kila sekunde, na unafika Gbps 11.94.

Basi kebo ya Gbps 12 itatosha? Haitoshi. Baina ya mstari na mstari, na baina ya picha na picha, huachwa vipindi visivyobeba pikseli. Ni urithi wa skrini za zamani za bomba la kioo, ambazo zilihitaji muda wa kurudisha mwale wa elektroni mwanzo wa mstari. Skrini bapa hazina mwale huo, ila vipindi vimebaki, na HDMI hupitishia sauti humo. Ukivijumlisha, 4K ya mara 60 inafika Gbps 14.26. Halafu biti zenyewe hazisafirishwi jinsi zilivyo: kila biti 8 hugeuzwa kuwa 10, ili ishara itulie kwenye waya na upande wa pili uisome bila kuchanganya. Ongeza robo hiyo, unapata 17.82. Sasa Gbps 18 za HDMI 2.0, toleo lililotoka 2013, si namba ya kubahatisha tena. Ndipo 4K ya mara 60 inapoenea kwa kubana. HDMI 1.4 ya 2009 ilikuwa na 10.2, ndiyo sababu kwenye 4K iliishia mara 30, na mshale wa kipanya huonekana ukirukaruka badala ya kuteleza.

VGA, kebo ya skrini iliyokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, haikuwa na habari ya biti kabisa. Ilipeleka rangi kama volti zinazopanda na kushuka, na kebo ikiwa ndefu picha ilififia. DVI ya 1999 ilileta dijitali, HDMI ikafuata 2002, na DisplayPort ya shirika la VESA ikaja 2006.

Maendeleo makubwa ya baadaye yamefanyika ndani ya waya, mahali ambapo mnunuzi haoni. HDMI ya awali ilikuwa na jozi tatu za nyaya za kubeba picha, na ya nne ilipiga mdundo wa saa tu, ili pande mbili ziende sambamba. HDMI 2.1 ya 2017 iliipa jozi hiyo ya nne kazi ya kubeba data pia. Jozi nne, kila moja Gbps 12, ndiyo 48. Hata ugeuzaji wa biti ulibanwa: badala ya 8 kuwa 10, sasa ni 16 kuwa 18. DisplayPort 2.0 ya 2019 ilikwenda mbali zaidi, 128 kuwa 132, na njia zake nne za Gbps 20 zikatoa 80. Kwa mtindo wa zamani, sehemu moja ya tano ya waya ilipotea kwenye ugeuzaji. Kwa huu mpya hupotea kama asilimia 3. Kwangu mimi hapo ndipo penye ufundi wenyewe, kuliko hata HDMI 2.2 ya 2025 na Gbps zake 96.

Kuna pia DSC, njia ya kubana picha hadi theluthi moja kabla haijaingia kwenye kebo. Wapo wasioitaka kwa kuwa picha hairudi biti kwa biti. Mimi naikubali, maana iliundwa ili jicho lisione tofauti, na bila hiyo skrini nyingi za kasi kubwa zisingewaka kwa uwezo wake wote.

USB-C ndiyo inayochanganya watu kuliko zote. Ndani ya umbo hilo moja mnaweza kupita DisplayPort kwa njia mbili au nne, au mkawa hamna njia za kasi kabisa. Kebo nyingi za kuchajia simu zina USB 2.0 peke yake, megabiti 480 kwa sekunde, na picha ya DisplayPort haitapita humo hata ubadilishe mipangilio mara ngapi.

Kebo isiyotosha hujionyesha kwa namna mbili. HDMI 2.0 na za nyuma yake haziijaribu kebo kwanza, hutuma tu. Utaona nukta zinametameta, au skrini inazima sekunde moja na kurudi. DisplayPort, na HDMI 2.1 inapokwenda kwa njia yake mpya ya jozi nne, huipima kebo kabla ya kuanza na kushuka hadi kasi inayopitika, kwa hiyo picha inakuja safi lakini si ile uliyoilipia. Hapo tazama kebo kabla ya kulaumu skrini. Kebo ya HDMI hutambulika kwa daraja lake, si kwa namba ya toleo: Ultra High Speed ndiyo ya Gbps 48. Kwa DisplayPort tafuta alama ya DP40 au DP80, yaani Gbps 40 au 80. Na chukua fupi kadiri meza inavyoruhusu, kwa sababu kwa kasi hizi kila mita ya shaba hula sehemu ya ishara.