Ukianza kuwachukia unaowahudumia

Watu wanaokuja kwangu wakiwa wamechoshwa na kazi, hali ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, huanza kwa kulalamikia usingizi. Hawalali, au wanalala na kuamka wamechoka vilevile. Nawasikiliza, kisha nauliza swali ambalo wengi hawakulitarajia: siku hizi unawaonaje wale unaowahudumia? Kama ni mwalimu, wanafunzi wake. Kama ni karani wa benki, mteja aliyesimama dirishani. Jibu la swali hilo hunieleza mengi kuliko idadi ya saa alizolala.

Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi aliponijibu, aliinamisha kichwa kwanza. Zamani, alisema, mama akizidiwa na uchungu alikuwa anamkanda kiuno na kumsemesha taratibu mpaka utulie. Sasa akiitwa "sista, nakufa" anapandwa na hasira, kana kwamba yule mama analia makusudi ili kumsumbua. Majina ya wagonjwa yalikuwa yamemtoka kichwani, amebaki na namba za vitanda. Na akiwa kwenye daladala kurudi nyumbani anajiuliza amekuwa mtu wa namna gani.

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amefanya zamu za usiku mfululizo, wajawazito ni wengi kuliko mikono iliyopo, na asubuhi hawezi kuondoka kwa sababu wa kumpokea zamu hajafika. Ule ubaridi ulikuwa ngao. Moyo ukielemewa na maumivu ya watu kila siku, hufika mahali ukajifunga ili usivunjike. Ndiyo maana naitafuta dalili hii mapema. Uchovu watu wameuzoea, wanauvumilia miaka. Kuona kwamba umeanza kuwadharau wale uliosomea kuwasaidia, hilo linaumiza na watu hulificha.

Tatizo hili lilianza kuandikwa kitaalamu mwaka 1974, pale Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alipoeleza hali aliyoiona kwa waliokuwa wakijitolea kwenye kliniki ya bure. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha maswali 22 ambacho bado kinatumika sehemu nyingi duniani. Kinaangalia mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, ule ubaridi kwa watu unaowahudumia, na kuona kwamba hata ukijituma kazi yako haina maana. Mtu aliyechoka tu ana la kwanza. Yakikutana yote matatu, hiyo ni hali nyingine.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, limeieleza hali hii kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Halikuiita ugonjwa. Nalipenda jambo hilo na nalirudia kwa kila mkuu wa idara anayenialika kuzungumza na watumishi wake, kwa sababu mialiko hiyo huja na ombi lilelile: njoo uwafundishe kuhimili. Nitawafundisha kupumua na kupanga muda, sawa. Lakini kama msongo unatoka kwenye namna kazi ilivyopangwa, basi na mpango wa kazi uletwe mezani tuutazame.

Nini hasa kinawachosha watu? Wingi wa kazi upo, na una madhara yanayopimika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ziada isiyozidi saa 50 ndani ya wiki nne. Baadhi ya viongozi hawaguswi na ukomo huo, ila watumishi wengi unawahusu, na wengi wao hawajui.

Hata hivyo nimeona watu wenye kazi nyingi sana wakiwa wazima, na wenye kazi ya wastani wakiwa wameisha kabisa. Tofauti mara nyingi iko kwenye mambo mawili: kuwa na usemi juu ya kazi yako, na haki. Ratiba ya zamu inabandikwa ukutani Jumapili jioni, nawe unaanza Jumatatu usiku, mtoto hujui utamwacha na nani. Semina zenye posho wanakwenda walewale. Kundi la WhatsApp la ofisini linalia saa nne usiku, bosi ameuliza swali, na ukichelewa kujibu asubuhi utasemwa. Vitu hivi havionekani kwenye hesabu ya saa, lakini ndivyo ninavyovisikia watu wakivieleza huku sauti zinatetemeka.

Kabla hujasema ni kazi, nenda kapime. Upungufu wa damu, kisukari na matatizo ya tezi la shingo huleta uchovu unaofanana kabisa na huu. Vilevile kuna sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Anayechoshwa na kazi, angalau mwanzoni, bado anaweza kucheka na ndugu zake Jumamosi. Giza linamrudia Jumapili jioni. Sonona hukufuata popote, hata kwenye vitu ulivyovipenda. Hali hizi mbili huingiliana, na uchovu wa kazi ukiachwa unaweza kuvuta sonona. Ukianza kuona bora usingekuwepo, usingoje miadi wala likizo: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo.

Likizo, maana najua ndiyo dawa wanayoifikiria wengi. Sheria inatoa siku 28, na zichukue zote. Ila angalia tunavyozitumia: kusimamia ujenzi wa nyumba, kwenda kijijini kuuguza mzazi, kumaliza michango ya harusi. Simu ya kazini iko wazi muda wote. Na hata aliyepumzika kweli, akirudi kwenye ratiba ileile na bosi yuleyule, nafuu yake huyeyuka ndani ya wiki chache. Likizo inakupa nguvu ya kuomba mabadiliko. Haiyaleti yenyewe.

Kwa hiyo ninachomwomba mtu ni hiki: kwa wiki mbili, kila mwisho wa zamu, andika mstari mmoja wa kilichokuchosha zaidi siku hiyo. Usiandike "kazi". Andika "nimesubiri wa kunipokea zamu", "nimetukanwa na ndugu wa mgonjwa, na mfawidhi alikuwepo hakusema neno". Baada ya wiki mbili utakuta jambo moja au mawili yanajirudia. Hilo moja ndilo unalipeleka kwa mkubwa wako, kwa adabu na kwa maandishi, pamoja na pendekezo. Yule muuguzi aliandika hivi: "Shikamoo mama. Naomba ratiba itoke wiki mbili kabla, na zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo kwa mtu mmoja. Niko tayari kusaidia kuipanga." La kwanza alikubaliwa. La pili bado linajadiliwa, kwa kuwa watumishi ni wachache kweli. Lakini aliniambia kujua tu mwezi wake unavyokwenda kumempunguzia mzigo ambao hakujua kama aliubeba.

Kwa wakuu nina ombi moja. Mama akifia wodini, kuna kikao cha kupitia kilichotokea, na kina umuhimu wake wa kitaalamu. Ila kabla ya kikao hicho, siku ileile, kabla wahudumu hawajavua sare, kaeni nao dakika kumi. Muulizeni kila mmoja anaendeleaje, bila kalamu mkononi. Nimekutana na wakunga waliobeba kifo kimoja kwa miaka kwa sababu siku ile waliulizwa tu nani alichelewa.

Na kama unakwenda kumwona daktari, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au popote penye huduma ya afya ya akili, usiishie kusema "kichwa kinauma, silali". Mweleze saa unazofanya kazi, zamu za usiku, kama unakunywa pombe ili ulale au vinywaji vya kuongeza nguvu ili uamke, na lini mara ya mwisho ulifurahia kazi yako. Mengi ya hayo hataweza kuyaona kwenye vipimo.