Dhana Potofu Tunazozipigilia Misumari Kwenye Trela ya Kulala

Kitrela changu kilitoka shamba moja la Njoro, ambako kwa miaka kadhaa kuku walikuwa wakikitagia. Kina urefu wa mita nne kasoro, ekseli moja, kitanda, kimeza na madirisha matatu. Nilikinunua kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, nikakivuta polepole hadi Lanet, na tangu siku hiyo kila aliyepita langoni alikuwa na la kusema. Ushauri mwingi ulitoka kwa watu wanaojua kujenga nyumba, na wanajua kweli. Ila nyumba haitikiswi kilomita mia moja kwa siku. Kitu kinachokaa imara ukutani mtaa wa Section 58, Nakuru, miaka kumi, kwenye trela hulegea kabla hujafika Molo.

“Silikoni inaziba kila kitu”

Hii ndiyo iliyonigharimu zaidi, kwa hivyo naianza. Silikoni ipo kila hadwea na kwenye sinki la bafuni inafanya kazi safi. Paa la trela ni habari nyingine. Mabati yanatanuka jua likiwaka, yanasinyaa usiku, na barabara inayasokota siku nzima. Silikoni huanza kubanduka ukingoni kama ngozi ya kidonda, na maji hupita chini yake bila wewe kuona. Ubaya zaidi ni kile inachoacha nyuma: utando mwembamba wa mafuta ambao rangi haishiki juu yake, gundi nyingine haishiki, na hata silikoni mpya haishiki vizuri. Wikendi mbili nzima nilikuwa juu ya ngazi na wembe na kitambaa chenye spiriti, nikikwangua kazi ya aliyenitangulia.

Kinachofaa ni utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata kama ubani uliotafunwa na haukauki ukawa mgumu. Unaubandika chini ya fremu ya dirisha au taa kabla ya kukaza skrubu, kisha ukingoni unapitisha gundi ya poliyurethani, jamii ile ile wanayotumia mafundi wa vioo vya magari. Inashika, na inakubali kuvutwa bila kuachia.

Tena, maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Kwangu yalidondoka juu ya mto, huku tundu lilikuwa kona ya mbele kwenye taa ndogo. Yalikuwa yakitembea juu ya ubao mita mbili nzima. Kulitafuta tundu kunahitaji watu wawili: mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, akianzia chini na kupanda taratibu. Ukianzia juu, kila mahali patalowa na hutajua kitu.

“Plaiwudi ya marini haiozi”

Inaoza. Kisichoyeyuka kwa maji ni gundi iliyoshikanisha tabaka zake. Mbao zenyewe ni mbao. Usipopaka rangi au vanishi kwenye kingo zilizokatwa na ndani ya kila tundu la skrubu, umelipa pesa nyingi ili tabaka zibaki zimeshikana wakati zinaoza.

“Ziba kila tundu, vumbi halitaingia”

Husemwa kwamba jina Nakuru lina asili ya Kimaasai na linahusu vumbi, na aliyewahi kuipita barabara ya shamba huku mwezi wa pili hatabisha. Niliziba kila nilichokiona. Tulipofika, shuka zilikuwa na rangi ya chai.

Sanduku linalokimbia barabarani huacha nyuma yake hewa yenye mgandamizo mdogo, na mgandamizo huo hufyonza vumbi kupitia mlango wa nyuma, kando ya mabomba, hata kwenye tundu la waya. Huwezi kuziba yote. Dawa yake ni kinyume cha unavyofikiria: fungua tundu moja la juu, mbele ya paa, lielekee uendako, na ulivishe kichujio cha sponji. Hewa inasukumwa ndani, chumba kinajaa kidogo, na vumbi la nyuma linakuta mlango una upepo unaotoka. Jirani aliponiona nikikata paa nililotoka kuliziba alinyamaza tu, akaenda kumwita mkewe aje aone.

“Waya wa nyumba unatosha, stima ni stima”

Fundi aliyenifungia taa alikuja na bunda la waya wa milimita mraba 1.5 lililobaki kwenye nyumba fulani. Taa zikawaka, simu zikachaji, tukanywa soda. Usiku friji ikalia “tik” na kuzima. Ikawaka, tik, ikazima. Tulilaumu friji mwezi mzima.

“Mwalimu, hiyo friji ni ya kichina,” fundi akaniambia. Friji haikuwa na kosa.

Chukua kifaa cha wati 60. Nyumbani, kwenye volti 240, kinavuta ampea 0.25. Kwenye betri ya volti 12 kifaa hicho hicho kinavuta ampea 5, mara ishirini zaidi, kupitia waya ule ule mwembamba. Betri yangu iko mbele, friji nyuma. Kwenda na kurudi ni mita 10 za waya. Kwa 1.5 unapoteza takriban volti 0.6 njiani. Nyumbani huwezi kuihisi, lakini betri iliyobaki nusu ina volti 12 na kidogo tu, na friji hizi hujizima zenyewe volti zikishuka sana ili kuilinda betri. Mota ikitaka kuanza huvuta umeme zaidi, volti zinaporomoka, tik. Tulipobadilisha tukaweka waya wa milimita mraba 6, upotevu ulishuka hadi 0.15 hivi, na friji ile ya kichina inagandisha maziwa hadi leo.

Halafu aina ya waya. Ule wenye uzi mmoja mgumu wa shaba umeumbwa kulala ukutani. Ukitikiswa kila siku hukatika ndani ya plastiki, mahali usipoona. Tumia wenye nyuzi nyingi nyembamba, kama wa magari. Na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Waya ukichubuka kwenye chasisi katikati ya njia, fyuzi iliyo kando ya friji itakuwa inatazama tu moto.

Betri nayo ina uvumi wake: eti chukua kubwa ya lori, imekwisha. Betri ya kuwashia injini ina bamba nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya polepole usiku kucha, kila usiku, inakufa mapema. Tafuta ya kutumika kwa kina, ile inayouzwa kwa ajili ya sola, na ikiwa ni ya asidi usiishushe chini ya nusu. Maana yake betri ya ampea-saa 100 ni ya 50. Friji yangu ikifanya kazi theluthi ya siku, saa 8 mara ampea 5, imekula 40. Bado hujawasha taa.

Na paneli ya wati 100 haitoi wati 100 mchana kutwa. Hesabu saa tano hivi za jua la maana, toa joto, vumbi na upotevu wa njiani, utabaki na wati-saa 350 au 400. Friji peke yake inataka 480. Nilinunua ya pili. Jambo moja limetupendelea: Nakuru iko karibu sana na ikweta, hivyo paneli iliyolala bapa juu ya paa haipotezi kitu kikubwa, na zile fremu za kuinamisha ni za watu wa Ulaya. Ila kivuli cha tawi moja la mgunga kinaweza kuua nusu ya kazi. Kisumu, ambako bila kivuli utaiva ndani, ya pili naishusha, naiweka juani kwa waya mrefu, na trela inabaki chini ya mti.

“Mizigo mizito nyuma, gari lisichoke”

Nilikuwa na tangi la lita 60 nyuma kabisa, chini ya kitanda, na gurudumu la akiba juu ya bampa ya nyuma. Tukirudi kutoka Eldoret nikanunua gunia la viazi la kilo 50 Mau Summit, nikalitupa hapo hapo nyuma. Kwenye mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa trela ikaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, halafu pikapu nayo ikaanza kucheza.

Wapo wanaokuambia ukanyage mafuta ili inyooke. Usithubutu. Kukanyaga breki kwa nguvu nako ni kosa, maana trela inaweza kukusukuma ubavuni. Unaachia mafuta, unashika usukani kwa nguvu uelekee mbele bila kuufukuzia mkia, na kungoja mwendo upungue. Nilingoja. Sijui kama nilipumua. Mteremko ule unateremkwa kwa gia ndogo tangu juu. Malori yamewahi kuufundisha umma somo hilo kwa damu.

Uzito lazima uegemee mbele. Waingereza hushauri takriban asilimia 7 ya uzito wote wa trela ikae kwenye mpira wa chuma nyuma ya gari, Wamarekani husema 10 hadi 15, bora usipite kiwango cha gari lako. Nilipima trela nzima kwenye mizani ya malori ya wasagaji unga, kilo 800. Kisha nikaazima mizani ya kuning'iniza ya muuza viazi, nikaifunga kwenye boriti na kuinua mkono wa trela hadi urefu wake wa kawaida. Kilo 20! Tangi likahamia mbele kidogo ya ekseli, gurudumu la akiba likaenda mbele, ikawa 75. Tangu hapo haijayumba.

“Fungua dirisha kidogo, jiko halina neno”

Timboroa usiku ni baridi ya kukata masikio, na mtu atakuambia ingiza jiko la makaa. Hapana, hata dirisha likiwa wazi. Makaa yaliyoiva mekundu bila moshi ndiyo hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi. Haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Lala na blanketi tatu.

Watu huichanganya na gesi ya kupikia, ambayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, kwa hivyo tundu lake liwe chini. Mtungi wangu wa kilo 6 umesimama nje, kwenye kisanduku chenye sakafu ya matundu, na kila kiungo nakijaribu kwa povu la sabuni kila safari.

Mengine ni ya haraka. Tairi lenye meno si lazima liwe zima: trela hukaa zaidi ya inavyotembea, na mpira huzeeka umesimama. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Beringi zioshwe na kupakwa grisi mpya kila mwaka hata kama ulitembea mara mbili.

Na wavu wa dirishani si ulinzi. Kambini Makalia, ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, nyani dume alisukuma wavu wangu kwa kidole kimoja, akachukua mkate, akakaa hatua tano kutoka kwangu na kuufungua mfuko kwa utaratibu kuliko watoto wangu. Siku hizi nikienda kuteka maji nafunga vioo, na mlango una komeo la pili, juu kabisa, lenye pini.