Ndege, paka na panya kwenye reli ya bustanini: dhana potofu na ukweli wake

Anayetandika bustanini reli ya treni ndogo za mfano anajenga mahali penye wenyeji. Ndege walikuwa wakichakura pale kabla kokoto hazijamwagwa, panya alikuwa na njia yake chini ya ua, na konokono hawahami kwa sababu stesheni imejengwa. Ushauri mwingi kuhusu kuilinda reli hiyo unamfanya mnyama adui aliyekuja kuharibu, kumbe yeye anatafuta chakula, maji, kivuli au mahali pa kulala. Ukishajua anatafuta nini, kinga utaipata. Usipojua, utanunua kifaa hiki na kile, na kila asubuhi utakuta kokoto zimetapakaa juu ya reli.

"Weka bundi wa plastiki, ndege hawatakuja tena"

Hawatakuja kwa siku chache. Ndege ni mwanafunzi mwepesi: kitu kisichosogea na kisichomkamata mwenzake hakimtishi kwa muda mrefu. Sidii zinazoning'inia, utepe unaometameta na sanamu za watu huishia vivyo hivyo. Vitu hivi vina kazi yake, lakini ni kazi ya muda mfupi, kwa mfano wiki ile umemwaga kokoto mpya au umepanda mimea ambayo bado haijashika mizizi. Vihamishe kila baada ya siku moja au mbili, kisha viondoe kabla ndege hawajavizoea.

Kinachodumu ni kulirekebisha tuta lenyewe, yaani kitanda cha kokoto kinachobeba reli. Ndege wanaochakura wanafuata wadudu na minyoo chini ya majani makavu na matandazo ya magome ya miti, na wanapochakura hurusha kila kitu nyuma na pembeni. Matandazo yakiwa karibu na reli, yataishia juu ya reli na kwenye swichi za njia (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), ambako kipande kimoja cha gome kinatosha kuangusha behewa. Kwa hiyo acha ukanda usio na matandazo pande zote mbili za njia. Jaza mawe madogo yaliyopondwa, au panda mimea mifupi inayotambaa ikafunika udongo kabisa.

Kokoto nazo si zote sawa. Za mviringo huteleza na kubingirika, hata ukizipanga vizuri namna gani. Mawe yaliyopondwa yana kingo zinazoshikana, na yakiwa na vumbi lake, ukiyamwagia maji na kuyashindilia, hukaza kiasi kwamba ndege anachoka mapema. Wengine huchanganya saruji kavu kidogo kisha hunyunyizia maji. Inafaa, ila usiyafunge kwa saruji mataruma yenyewe, vile vipande vya kukingama vinavyoshika reli. Reli za shaba ya njano hurefuka kwa joto: kipande cha mita 10 kinaweza kuongezeka karibu milimita 6 halijoto ikipanda nyuzi 30 za Selsiasi. Reli isiyo na nafasi ya kusogea itapinda. Kaza mabega ya tuta, uiache njia iweze kupumua.

Ni kweli pia kwamba ndege wala mbegu humeza vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi. Lakini wanachochukua ni kidogo sana, na sicho kinachomaliza kokoto zako. Shomoro ndio wanaochimba vishimo kwenye mchanga laini ili waoge vumbi. Wape trei ya mchanga mkavu kwenye kona yenye jua, mbali na njia, na bakuli la maji kando yake. Ni njia ya upole, na mara nyingi huwapunguza kwenye tuta kuliko kelele yoyote.

"Ndege huiba vitu vinavyong'aa"

Anayesingiziwa zaidi ni magpai, ndege wa jamii ya kunguru. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza waliwawekea ndege hao chakula, na kando yake vitu vinavyong'aa na vingine vilivyofifishwa kwa rangi. Katika majaribio 64 ndege waliokota kitu kinachong'aa mara mbili tu, wakakitupa papo hapo. Kwa jumla walikuwa na wasiwasi na vitu hivyo, wakawa wanakula kwa tahadhari.

Basi huna haja ya kufifisha rangi ya taa na reli zako. Sanamu za abiria hupotea kwa sababu ni nyepesi: upepo huziangusha, mvua huzisomba, paka huzichezea, na kunguru mdadisi anaweza kuinua moja kuichunguza. Toboa mguu wa sanamu, ingiza kipande cha waya mgumu, kisha uichomeke kwenye tundu la jukwaa. Zile ndogo kabisa ziingize ndani ya nyumba treni zikishalala.

"Kifaa cha sauti isiyosikika na binadamu kitawafukuza wote"

Kwa ndege, kifaa hicho kiko kimya. Wengi wao hawasikii vizuri sauti inayozidi takriban kilohezi 10 (kipimo cha wembamba wa sauti), wakati binadamu kijana anafika karibu kilohezi 20. Sauti ambayo wewe huisikii, ndege haisikii pia. Paka husikia hadi zaidi ya kilohezi 60, kwa hiyo anaweza kusumbuka, lakini matokeo hubadilika kutoka paka hadi paka. Panya nao huisikia, kisha huizoea. Tena sauti hiyo huzuiwa kwa urahisi na ukuta, jiwe au kichaka.

Paka anayejisaidia kwenye tuta anafuata udongo mkavu uliolegea. Tandika wavu wa chuma chini ya kokoto, kina cha sentimita chache, naye hatapenda kufukua hapo. Hakikisha tu wavu haugusi reli, maana ukiziunganisha reli mbili utasababisha shoti. Wavu huohuo, ukiwa umepakwa zinki na ukatandazwa chini ya njia nzima, humzuia fuko asiinue tuta kutoka chini.

"Nyunyiza pilipili"

Ukali wa pilipili huwasumbua mamalia kama kindi na panya. Ndege hawausikii: mishipa yao ya fahamu haiitikii kemikali inayoleta ukali huo, na ndiyo maana hula pilipili na kusambaza mbegu zake. Mvua moja inatosha kuiosha. Dawa ya nondo yenye naftalini ni sumu kwa watoto, mbwa na ndege, na haifai kutawanywa bustanini.

"Umeme wa reli utawatisha"

Reli nyingi za bustanini hupitisha umeme wa kuendesha treni, wa volti zisizozidi 24 hivi. Ua wa umeme wa kuzuia mifugo hutuma mapigo mafupi ya maelfu ya volti, kwa hiyo viwili hivi havilingani hata kidogo. Mnyama anayevuka reli zako kwa kawaida hasikii kitu. Wala usijaribu kuongeza nguvu ya umeme au kuunganisha reli na kifaa cha ua: utaunguza vifaa vya treni, na unaweza kumdhuru mtoto anayekuja kuitazama.

Kuna wanaoamini pia kwamba konokono hawavuki reli za shaba ya njano kwa kuwa ndani yake mna shaba. Mwaka 2018 Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, ilitangaza matokeo ya jaribio la vizuizi maarufu vya konokono, utepe wa shaba ukiwa mmojawapo, na haikuona kwamba vinapunguza uharibifu wa mimea. Konokono watavuka, na ute wao utaacha utando unaokata umeme na kufanya magurudumu yateleze. Anayeendesha treni kwa betri ameepuka tatizo la kwanza, lakini la pili bado analo. Pitisha kitambaa juu ya reli kabla ya treni ya kwanza, na ukimwona konokono mwenyewe, msogeze.

"Funika kila kitu kwa neti"

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa kuliko kwingine kote. Neti nyembamba iliyotupwa bila kukazwa hunasa ndege kwa miguu, nyoka kwa mwili na kalunguyeye kwa miiba, nao hufa polepole. Katika jimbo la Victoria nchini Australia, tangu Septemba 2021, neti za kufunika mimea ya matunda nyumbani lazima ziwe na matundu yasiyozidi milimita 5 kwa 5 zikivutwa. Kipimo chake chepesi ni kidole: kikipita, neti haifai. Hiki ni kiwango kizuri kwa yeyote, popote alipo. Ikaze kwenye fremu, chagua rangi nyeupe inayoonekana, funika sehemu inayohitaji peke yake, na uikague kila siku.

Mahandaki yanafaa zaidi kufungwa kwa milango ya wavu wa chuma wenye matundu madogo, maana panya mdogo hupita kwenye tundu lisilozidi kidole chembamba. Kabla ya kufunga, mulika ndani uone kama kuna aliyelala. Nyaya zipitishe ndani ya mabomba. Meno ya panya hayaachi kukua na hutafuna bila kuchoka. Sumu iache. Panya aliyeila huliwa na bundi au paka, na sumu ikaendelea na safari. Fagia mbegu zilizomwagika chini ya kilishio cha ndege, kisha kihamishe mbali na njia.

"Kinyesi kitaoshwa na mvua"

Sehemu nyeupe ya kinyesi cha ndege ni asidi ya yuriki, na haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji. Huganda juu ya reli, huzuia umeme na hula rangi ya majengo. Kilowanishe kwanza, vaa glavu, ndipo ufute. Usikikwangue kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya mapafu. Kisha tazama juu: karibu kila mara pana tawi au waya ambao ndege hutua. Tawi likikatwa, kazi inapungua.

"Kiota kwenye stesheni yangu ni mali yangu, nitakitoa"

Nchi nyingi zina sheria inayosema vingine. Uingereza inalinda viota vinavyotumika kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, na Marekani inawalinda ndege wengi wa porini kwa sheria ya mwaka 1918. Hata pasipo sheria, mayai yaliyomo hayana kwa kwenda. Funga kipande hicho cha njia, upitishe treni kwingine. Makinda ya ndege wengi wadogo wa bustanini huondoka kiotani wiki mbili au tatu hivi baada ya kuanguliwa. Wakishaondoka, safisha, ziba kila mwanya wa jengo kwa wavu kabla ya msimu ujao wa kutaga, na utundike sanduku la kutagia upande wa pili wa bustani.