Mgombea mwenye msimamo mkali: anakiongezea chama kura au anakipunguzia?

Kura za maoni za ndani ya chama zikikaribia, vijiwe vya kahawa vya Kaloleni na Kilombero hapa Arusha hugawanyika. Wapo wanaotaka mgombea wa moto, wapo wanaotaka anayekubalika hata kwa wasio wanachama.

Dhana: Mgombea mkali huamsha wanachama waliolala, hivyo chama hupata faida.

Ukweli: Huamsha, ila mpinzani naye haachi watu wake wamelala. Mtafiti wa siasa Andrew Hall wa Marekani alichunguza majimbo ya uchaguzi ambako mgombea mkali alimshinda wa wastani kwa kura chache tu ndani ya chama. Kwa nini chache? Kwa sababu mkali aliyeshinda kwa kishindo mara nyingi yuko kwenye ngome, na ngome ingempitisha yeyote. Matokeo yake, yaliyotoka 2015: kura za chama kwenye uchaguzi mkuu hushuka kwa alama 9 hadi 13 za asilimia. Yaani kilichotarajia asilimia 52 kinabaki na 43 au pungufu. Unapopima jimbo lako, usiishie kwenye kura za chama chako. Zikipanda 2,000 na za mpinzani zikapanda 5,000, kelele zimefanya kazi, ila kwa faida ya jirani.

Dhana: Basi anayekaa katikati hushinda siku zote.

Ukweli: Hoja ya msomi Anthony Downs ya 1957, kwamba kura nyingi ziko katikati na vyama huzifuata huko, ina masharti: vyama viwili, na wapiga kura wanaoweza kupangwa kwenye mstari mmoja, kushoto hadi kulia. Huko Marekani, Goldwater, mgombea urais wa Republican mwenye siasa kali za kulia, alipata majimbo 6 kati ya 50 mwaka 1964. Reagan wa chama hicho hicho, mwenye siasa za karibu na hizo, akachukua 44 mwaka 1980, bei zikiwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 13. Njaa ya mfukoni haiulizi itikadi.

Kanuni ya kuhesabu nayo ina uzito: palipo na kanuni ya anayeongoza jimboni kuchukua kiti, kura za wengine hazileti kitu. Uingereza 1983, Labour iliyoelemea kushoto ilipata asilimia 27.6 na viti 209. Muungano wa vyama vya katikati ukapata 25.4, viti 23 tu. Kura zao zilitawanyika nchi nzima. Ubunge wa majimbo kwetu huamuliwa vilevile, ndiyo maana Moshi Mjini, ambako kura za upinzani zilikusanyika pamoja, ilibaki ya upinzani kuanzia 1995 hadi 2020.

Dhana: Chadema ilipanda 2015 kwa sababu ililegeza msimamo.

Ukweli: Kutoka robo ya kura na ushee mwaka 2010 hadi karibu asilimia 40 ni kweli. Lakini Lowassa wa Monduli, waziri mkuu wa zamani, alikuja kutoka CCM na mtandao wake, vyama vinne vya Ukawa vilisimamisha mgombea mmoja wa urais, na rais aliyekuwepo alikuwa anamaliza muda wake. Mambo yote hayo yalibadilika kwa mkupuo, hivyo huwezi kusema ni msimamo pekee ulioleta kura.