Elektroni hukimbia kasi gani ndani ya gesi?

Elektroni, chembe ndogo mno yenye chaji hasi, haitulii ikiwa ndani ya gesi. Katika halijoto ya kawaida ya chumbani hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, ikigonga molekuli hii, ikidunda, ikigonga nyingine. Pamoja na mbio zote hizo haiendi mbali, kwa kuwa kila mgongano unaigeuza upande. Ukiweka volti kati ya mabamba mawili ya metali, bumba zima la elektroni huanza kusogea kuelekea bamba chanya, kama bumba la nyuki linalochukuliwa na upepo huku kila nyuki akizunguka kivyake. Tunachopima ni mwendo huo wa bumba.

Mabamba hayo hukaa ndani ya chombo cha chuma kisichovuja. Hewa hunyonywa kwa pampu, kisha gesi tunayoichunguza huingizwa. Mmweko wa leza ya urujuanimno, unaodumu nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu, hupiga bamba hasi na kung'oa elektroni kwa mpigo. Wengi hudhani umeme utaonekana kwenye waya pale elektroni zitakapofika ng'ambo. Sivyo. Mkondo huanza mara tu zinapoondoka, kwa sababu chaji inayosogea kati ya mabamba husogeza chaji iliyo kwenye mabamba yenyewe. Kwenye kioo cha osiloskopu, chombo kinachochora umeme unavyobadilika kwa wakati, mstari huruka juu, hukaa bapa, kisha huporomoka bumba linapowasili. Urefu wa ubapa ule ndio muda wa safari. Ikiwa mabamba yameachana sentimita 5 na ubapa ni mikrosekunde 1 (sehemu ya milioni ya sekunde), basi kasi ni kilomita 50 kwa sekunde.

Poromoko lenyewe huwa halisimami wima. Limelala kidogo, maana bumba limetawanyika njiani. Kwa hiyo mstari mmoja unatupa vipimo viwili, kasi na mtawanyiko. Mwaka 1936, wanafizikia Bradbury na Nielsen kule Marekani walifanya kazi hii bila leza: waliweka nyavu mbili za waya mwembamba zilizofunguka na kufungwa kwa umeme, kama milango, na kutafuta mpangilio unaopitisha elektroni nyingi zaidi.

Kutaja volti peke yake hakutoshi, kwani gesi iliyosongamana huzuia zaidi. Ndiyo maana tunagawanya nguvu ya uga wa umeme kwa idadi ya molekuli katika ujazo. Kizio chake ni townsend, kwa heshima ya mwanafizikia John Townsend wa Oxford. Kwa gesi yenye mgandamizo wa kawaida wa angahewa, townsend 1 ni kama volti 245 kwa sentimita.

Hapa ndipo gesi ya argoni hunifurahisha kila mara. Katika argoni safi, kwa townsend 1, elektroni husogea milimita 3 na kidogo tu kwa mikrosekunde. Changanya methani asilimia 10, na hata kwa nusu ya uga huo kasi hukaribia sentimita 5. Gesi ya pili imeongeza mwendo, si kuupunguza! Atomu ya argoni haina pa kupokelea nishati ndogo, hivyo elektroni hupata joto na kudunda ovyo. Molekuli ya methani hutikisika na kuinyonya nishati hiyo. Elektroni zikipoa huangukia kiwango ambacho argoni karibu haizioni kabisa, jambo alilolibaini mwanafizikia Ramsauer wa Ujerumani mwaka 1921. Ukizidi kuongeza volti, kasi inaanza kushuka.

Kwenye ALICE, kitambuzi cha chembe kule CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, elektroni husafiri hadi mita 2.5 ndani ya gesi kwa takriban mikrosekunde 90, na muda huo ndio unaoeleza chembe ilipita wapi. Ukikosea kasi kwa sehemu moja tu ya elfu, mahali pa mbali patakosewa kwa milimita 2.5.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni usafi. Wiki moja nzima ubapa wetu ulikataa kuwa bapa. Uliteremka tangu mwanzo, kana kwamba elektroni zinapotea njiani. Tulilaumu leza, tukabadilisha nyaya. Kumbe pete ya mpira kwenye valvu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Oksijeni kidogo sana iliingia, ikadaka elektroni na kuzigeuza ayoni nzito, yaani molekuli zenye chaji, zinazojikokota takriban mara elfu polepole zaidi. Tulitia pete mpya, tukanyonya chombo usiku kucha, na asubuhi mstari ukakaa bapa.