Grand Slam si kombe: Sharapova alishinda ngapi hasa?

Tenisi ya wanawake ikizungumzwa, jina la Maria Sharapova halikosi, na likitajwa huja na sentensi ileile: "Alishinda Grand Slam tano." Pembeni atakuwepo wa kubisha: "Grand Slam gani? Yule alikuwa mrembo wa matangazo tu." Wa kwanza amezidisha, wa pili amepunguza, na wote wawili wamejikwaa pale pale.

Grand Slam ni kushinda mashindano manne makubwa ya tenisi, yaani Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open, yote ndani ya mwaka mmoja. Ukiyashinda yote manne lakini kwa miaka tofauti, umekamilisha Grand Slam ya maisha, maana yake katika miaka yako yote uwanjani hukubakisha hata moja. Kila ushindi peke yake ni taji kubwa, au ukitaka, taji la Grand Slam: mojawapo ya yale manne. Kuliita taji moja "Grand Slam" ni sawa na kusema mshambuliaji aliyefunga mabao matatu amefunga hat-trick tatu.

Asili ya jina ni meza ya karata. Katika mchezo wa bridge watu wanne hucheza wawili wawili, kila mmoja akiwa na karata 13. Kila mzunguko kila mtu hutupa karata moja, na mwenye yenye nguvu huzoa zote nne. Upande ukizoa mizunguko yote 13, hiyo ndiyo grand slam. Ukizoa 12 huambulii jina hilo. Kuna jina dogo la 12, small slam, na hata wacheza bridge wavivu kabisa hawachanganyi hayo mawili. Uzito wote wa neno umo katika "yote".

Watu wa gofu ndio walioliazima mapema, Bobby Jones aliposhinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake mwaka 1930. Tenisi ikafuata mwaka 1933. Mwaustralia Jack Crawford alikuwa ameshinda kwao, kisha Ufaransa, kisha Wimbledon, akabakiza la Marekani. Waandishi wa michezo wakaanza kuhesabu. Anayetajwa zaidi ni John Kieran wa New York Times, aliyeandika kwamba Crawford akishinda na hilo la nne, atakuwa amefanya uwanjani kile ambacho wacheza karata hukiita grand slam. Kwa hiyo jina lilizaliwa kabla ya mwenyewe kupatikana, na siku hiyo hakupatikana: Crawford aliongoza fainali seti mbili kwa moja, kisha pumzi ikamwishia, na Mwingereza Fred Perry akachukua seti mbili za mwisho 6-0 na 6-1.

Kwa nini mashindano haya manne na si mengine? Mpaka wakati huo nchi zilizowahi kutwaa Davis Cup, kombe la timu za taifa, zilikuwa nne tu: Marekani, Uingereza, Australia na Ufaransa. Ubingwa wa nchi hizo ukahesabiwa kuwa ndio wa juu. Hakukuwa na kamati iliyokaa ikapanga. Ilikuwa hesabu ya magazeti, ikazoeleka mpaka ikawa sheria.

Huyo Perry aliyemharibia Crawford ndiye aliyekuja kuwa mtu wa kwanza kuwa na mataji yote manne, mwaka 1935, aliposhinda la Ufaransa. Lakini aliyapata kwa miaka mitatu, hivyo hakuna aliyesema amefanya Grand Slam. Tofauti ninayoilalamikia hapa watu wa miaka ya thelathini waliijua vizuri. Grand Slam yenyewe ilisubiri hadi 1938, Don Budge wa Marekani alipoyakusanya yote ndani ya mwaka. Tangu hapo, kwa mchezaji mmoja mmoja, Grand Slam ya watu wazima imefanywa na Maureen Connolly (1953), Rod Laver mara mbili (1962 na 1969), Margaret Court (1970) na Steffi Graf (1988), ambaye mwaka uleule aliongeza dhahabu ya Olimpiki. Hao tu. Serena Williams alifika nusu fainali ya shindano la nne mwaka 2015 akatolewa na Roberta Vinci, Muitalia ambaye hakuwa hata kwenye orodha ya wachezaji waliopewa nafasi maalumu. Novak Djokovic alifika fainali ya shindano la nne mwaka 2021 akafungwa na Daniil Medvedev. Hawa wawili ni miongoni mwa wakubwa wa zama zote, na Grand Slam hawana.

Sitasema kwamba wakubwa wa mchezo hawajawahi kulichezea neno. Mwaka 1982 shirikisho la kimataifa la tenisi liliahidi dola milioni moja kwa atakayeshika mataji yote manne kwa wakati mmoja, hata kama yamevuka mwaka. Martina Navratilova alianza na Wimbledon ya 1983, akamalizia na French Open ya 1984, akachukua pesa zake. Je, ilikuwa Grand Slam? Wazee wa tenisi walinuna. Mimi niko na wazee. Mwaka una mwanzo na mwisho, na ugumu wenyewe ni kwamba ukiteleza Januari umeshapoteza mpaka mwaka ujao. Angalau ubishi huo ulikuwa juu ya manne, si juu ya moja.

Sasa Sharapova. Alizaliwa mwaka 1987 Nyagan, Siberia, wazazi wake wakiwa wamehama Gomel, Belarusi, baada ya mlipuko wa Chernobyl. Raketi ya kwanza aliipata Sochi kutoka kwa baba wa mchezaji tenisi Yevgeny Kafelnikov. Mwaka 1994 yeye na baba yake, Yuri, walifika Florida na dola 700 hivi, mama akabaki Urusi kwa sababu ya viza. Muongo mmoja baadaye, akiwa na miaka 17, alimfunga Serena Williams 6-1, 6-4 katika fainali ya Wimbledon. Papo hapo uwanjani akajaribu kumpigia mama yake simu, mtandao ukakataa, na dunia nzima ikamwona anahangaika na kile kisimu. Kampuni ya simu ya Motorola haikuchelewa kumpa mkataba.

Huo ndio mwanzo wa umaarufu uliowachanganya watu. Kwa miaka 11 mfululizo, hadi 2015, jarida la Forbes lilimweka juu ya wanamichezo wote wa kike kwa mapato, na fedha nyingi hazikutoka uwanjani bali kwa Nike, Porsche, saa na baadaye peremende zake mwenyewe, Sugarpova. Usiku wa fainali ya US Open 2006 gauni lake jeusi lilizungumzwa kuliko mpira wake, ingawa alikuwa ametoka kumfunga Justine Henin seti mbili kavu. Anayeuza sura hivyo, wengi hudhani hana kingine cha kuuza. Hapo ndipo anapochanganywa na Mrusi mwenzake Anna Kournikova, mchezaji tenisi ambaye ndiye asiyewahi kutwaa taji la mchezaji mmoja mmoja katika mashindano ya WTA, ngazi ya juu ya tenisi ya wanawake. Na hata huyo tunamwonea, maana kwa wawili wawili alitwaa Australian Open mara mbili pamoja na Martina Hingis na kuwa namba moja duniani.

Hesabu ya Sharapova ni hii: Wimbledon 2004, US Open 2006, Australian Open 2008, French Open 2012 na 2014. Itazame hiyo miaka. Hakuna mwaka hata mmoja aliotwaa makubwa mawili, seuze manne. Kwa hiyo Grand Slam hajafanya, wala hajaikaribia. Lakini mwaka 2012, alipomfunga Sara Errani jijini Paris, alikuwa mwanamke wa kumi katika historia kukamilisha yote manne. Kati ya la tatu na la nne alipasuliwa bega, na orodha ya ubora ikamshusha hadi nje ya mia moja bora. Na lililobaki la mwisho lilikuwa la udongo, uwanja ambao mwaka 2007 yeye mwenyewe alisema anajiona juu yake kama ng'ombe kwenye barafu. Ndiyo maana neno "Grand Slam tano" linaniuma: linageuza kazi ya miaka minane kuwa idadi ya vikombe kabatini, na lile jambo adimu alilolifanya kweli halitajwi.

Adhabu ya dawa ya meldonium nayo hutupiwa humu. Dawa hiyo ya moyo ilipigwa marufuku michezoni Januari 2016, yeye akapimwa mwezi huohuo, akakutwa nayo, akafungiwa miaka miwili iliyopunguzwa kuwa miezi 15. Alichofutiwa ni matokeo ya Australian Open ya mwaka huo. Mataji matano hayakuguswa.

Basi akitajwa tena, sema ana mataji makubwa matano, na kwamba amekamilisha Grand Slam ya maisha, mara moja. Ukiteleza ukasema "Grand Slam tano" nitakuelewa, wala sitakukatiza mbele za watu. Ila ukisema hana kitu, hapo tutakaa kidogo.