Sayari si vipande vya jua: tunayodhani na yaliyo kweli kuhusu kuumbika kwa sayari

Usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa kazi kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu taa zao huwavuta samaki pale tu giza linapokuwa zito, na giza hilohilo limewafanya waijue anga kuliko sisi tunaolala chini ya taa za umeme. Alfajiri moja katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, akina mama wakiwa wamekwisha kupanga mabeseni yao mchangani wakisubiri mitumbwi ishushe mzigo, nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akikung'uta wavu. Aliitikia marahaba, akanionyesha Zuhura iking'aa juu ya vilima vya mashariki, akasema: “Mwalimu, ile ni kipande cha jua kilichochomoka. Ndiyo maana hutangulia, na jua likafuata nyuma.”

Nimefundisha jiografia ya kidato cha kwanza kwa miaka mingi, na dhana hiyo nimeikuta kwenye madaftari ya wanafunzi mara nyingi. Si dhana ya kudharau. Katika karne ya 18 Mfaransa Buffon alifikiri kwamba nyotamkia iligonga jua na kurusha vipande vilivyogeuka sayari, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza James Jeans alieleza kwamba nyota iliyopita karibu ilivuta ulimi wa gesi kutoka kwenye jua. Maelezo hayo yaliangushwa na hesabu: mwaka 1939 Lyman Spitzer alionyesha kwamba gesi iliyochomolewa kutoka ndani ya jua ingekuwa na joto kali kiasi cha kutawanyika angani kabla haijapata nafasi ya kupoa na kushikamana.

Ukweli ni kwamba jua na sayari ni ndugu waliotoka tumbo moja. Takriban miaka bilioni 4.57 iliyopita, sehemu ya wingu kubwa la gesi na vumbi ilijikunja kwa nguvu yake yenyewe ya mvutano. Wingu hilo lilikuwa likizunguka polepole, na kadiri lilivyojikusanya ndivyo mzunguko wake ulivyoongezeka kasi, kama jiwe ambalo mtoto amelifunga kwenye uzi na kulizungusha huku uzi ukijiviringa kidoleni mwake. Chembe zilizokuwa zikipanda na kushuka ziligongana na kupoteza mwendo huo, zikabaki na mwendo wa kuzunguka tu, hata wingu likalala kama sahani pana. Katikati lilikusanyika jua, ambalo leo lina zaidi ya asilimia 99.8 ya tungamo lote, yaani kiasi cha maada, la mfumo wetu. Sayari ziliumbwa na makombo ya ile sahani. Ndiyo maana sayari zote nane huzunguka jua zikielekea upande mmoja na karibu katika bapa moja. Mvuvi anaweza kulithibitisha hilo bila chombo chochote: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hazionekani ovyo ovyo angani, bali hufuata karibu njia ileile wanayopita jua na mwezi. Na mwaka 2014 darubini za redio za ALMA, zilizo kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya sahani ya namna hiyo kuizunguka nyota changa HL Tauri, ikiwa na pete za giza ambazo huenda zimechimbwa na sayari zinazokua.

Wengine huchanganya tukio hili na mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Mlipuko huo ulitokea takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, kwa hiyo ulimwengu ulikuwa umekwisha kuishi zaidi ya miaka bilioni 9 kabla jua letu halijawaka. Chuma kilicho kwenye ndoano ya mvuvi kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa katika kipindi hicho.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi, kwa sababu huficha kiini cha jambo lote, ni kwamba sayari zote ni mipira ya mawe inayotofautiana ukubwa tu. Aina ya sayari iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na umbali wake kutoka kwenye jua changa. Hapa Kigoma kila jiko lina chupa ya mawese, na kila mpishi anajua kwamba chupa iliyo karibu na moto hubaki na mafuta laini, ilhali ile iliyoachwa dirishani asubuhi ya baridi huganda kuanzia chini. Mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali. Katika ile sahani, maji yaliyokuwa karibu na jua yalibaki mvuke, na vitu vigumu vilivyopatikana vilikuwa chuma na madini ya mawe tu, ambavyo havikufika hata asilimia 1 ya wingu zima. Ndiyo maana Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi ni ndogo na ngumu. Mbali zaidi, mahali fulani kati ya Mirihi na Mshtarii ya leo, ulipita mpaka ambao ng'ambo yake baridi ilitosha kuugeuza mvuke wa maji kuwa barafu moja kwa moja. Huko malighafi iliongezeka ghafla. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kiini cha Mshtarii kilikua hadi takriban mara 10 ya tungamo la Dunia, kikaanza kuvuta hidrojeni na heliamu, na hatimaye sayari hiyo ikafikia mara 318 ya Dunia yetu. Ilibidi ifanye haraka, kwani gesi ya sahani hupeperushwa ndani ya miaka milioni chache, wakati Dunia iliendelea kujijenga kwa migongano kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

“Basi mtu akitua huko Mshtarii?” aliniuliza mzee yule. Hakuna pa kutua. Tarehe 7 Desemba 1995 chombo kidogo kilichotupwa na chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Galileo kiliingia katika anga la Mshtarii, kikatuma taarifa kwa takriban saa moja kikizidi kuzama, kisha kikashindwa na joto na mgandamizo bila kugusa ardhi yoyote. Watu pia husema Mshtarii ni nyota iliyoshindwa kuwaka. Ingehitaji kuwa na tungamo takriban mara 80 ya lililo nalo ili iwake kama nyota, kwa hiyo haikukaribia kamwe. Uranus na Neptune nazo huitwa majitu ya barafu, jina linalopotosha kidogo, kwa maana maji, amonia na methani vilivyomo ndani yake ni ujiuji mzito wenye joto la maelfu ya nyuzi.

Joto la uso halifuati umbali peke yake. Zuhura, ambayo ni ya pili kutoka kwenye jua, ina takriban nyuzi 465 mchana na usiku, kuipita Zebaki iliyo karibu zaidi, kwa sababu imefunikwa na blanketi zito la kabonidayoksaidi.

Kuhusu ukanda wa asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, wengi huamini kwamba ni sayari iliyopasuka. Mawe yote ya ukanda huo yakikusanywa hayafiki hata asilimia 5 ya tungamo la Mwezi. Ni malighafi ambayo mvuto wa Mshtarii haukuiacha ijijenge. Lakini miili midogo iliyoyeyuka na baadaye kuvunjika ilikuwepo. Vimondo vya chuma kwa kawaida hutokana na viini vya miili kama hiyo, na Mtanzania anaweza kukigusa kimoja kwa mkono wake: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, bonge la chuma na nikeli.

Imebaki Pluto, ambayo wanafunzi hudhani ilifutwa mwaka 2006 kwa sababu ya udogo. Iliwekwa katika kundi la sayari kibete kwa sababu haijasafisha njia yake, ambayo inaigawana na miili mingine mingi ya barafu. Mimi naithamini kwa jambo jingine. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz waligundua jitu la gesi, sayari ya namna ya Mshtarii, linaloizunguka nyota 51 Pegasi kwa karibu mno, kwa siku 4 tu, mahali ambapo halikutarajiwa kabisa, na hapo wataalamu wakalazimika kukubali kwamba sayari huhama kutoka zilikozaliwa. Pluto imebeba alama ya uhamaji kama huo hapa kwetu. Kila inapolizunguka jua mara mbili, Neptune huzunguka mara tatu kamili, nao mpangilio huo, pamoja na jinsi njia ya Pluto ilivyorefuka na kuinama, unaeleweka vizuri iwapo Neptune ilizaliwa karibu zaidi na jua, ikasogea nje polepole, na kuisukuma Pluto mbele yake.